Kabla Injini Haijafunguliwa, Plagi Itazamwe

Katika kata ya Sola, wilayani Maswa mkoani Simiyu, pikipiki ya bodaboda ni mali ya nyumba nzima. Ikilala siku tatu, unga unapungua na hesabu ya mwenye chombo inasubiri pale pale. Ndiyo maana familia nyingi huogopa kauli moja ya gereji: "Hapa lazima tufungue injini." Huenda fundi anasema kweli. Lakini kabla mbuzi hajauzwa, kuna kitu cha kuomba kuonyeshwa, nacho hutoka kwa spana moja tu: plagi.

Ncha ya plagi imo ndani ya silinda, mahali petroli inapoungulia. Kila inachopitia huacha rangi kwenye kauri nyeupe inayozunguka ncha hiyo. Injini nzima huonyesha kahawia hafifu au kijivu, tena kavu. Wazee wa gereji waliozoea petroli yenye risasi, iliyoachwa Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006, wasishangae rangi ya siku hizi ikiwa hafifu kuliko ile waliyofundishwa.

Plagi ikitoka nyeusi, ndipo watu hutishana bure. Weusi uko wa aina mbili, na kidole kinatosha kuutofautisha. Ukiwa mkavu na unafutika kama masizi ya sufuria, petroli inazidi hewa. Kiangazi cha Simiyu barabara za vumbi huziba chujio la hewa upesi, injini inakosa pumzi, moshi mweusi unatoka na mafuta yanaisha haraka. Dawa yake ni kusafisha chujio au kulibadilisha, kuhakikisha choki haikusahauliwa, kisha kuangalia kabureta. Kufungua injini kwa sababu ya masizi makavu ni kutupa pesa. Petroli ya chupa iliyochanganywa na mafuta ya taa nayo huacha uchafu na kuifanya injini igonge. Mchezo huo ulienea nchini hata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa katika bajeti ya 2011/12, ili bei yake isiwavutie wachanganyaji.

Ukiwa na utelezi na harufu ya oili, hapo fundi ana hoja. Oili inapanda kupitia ringi za pistoni zilizochakaa au inashuka kupitia sili za valvu, na mara nyingi moshi wa bluu hutoka nyuma. Hata hivyo kwanza kipimwe kiasi cha oili, maana iliyojazwa kupita alama huweza kuleta dalili hiyo hiyo.

Plagi nyeupe kama chokaa, yenye malengelenge au ncha iliyoyeyuka, ndiyo ya kutisha zaidi ingawa inaonekana safi. Injini inachemka kupita kiasi: pengine hewa inaingia pembeni ya kabureta, au imefungwa plagi ya namba isiyo yake. Chombo kama hicho kisipakie abiria mpaka chanzo kijulikane, kwa sababu pistoni inaweza kutoboka.

Plagi haisomwi baada ya injini kunguruma ikiwa imesimama, kwani hapo huweza kuwa nyeusi hata kama hakuna tatizo. Pikipiki iendeshwe mwendo wa kazi kilomita chache, izimwe, ipoe. Vumbi la pembeni lifutwe kabla ya kufungua lisije likadondokea ndani. Kurudisha ni kwa vidole kwanza, spana baadaye. Nyuzi za alumini zikiharibika, gharama inayoogopwa inakuja kwa mlango mwingine.

Fundi akibadilisha plagi, ile ya zamani irudi nyumbani na mwenye chombo. Baada ya wiki moja ya kazi ile mpya itolewe, ziwekwe pamoja juani. Ikiwa nayo imelowa oili, mazungumzo ya kufungua injini yaanze, na bei ijulikane kabla ya boliti ya kwanza kulegezwa.