Je, Wajua? Mtetea Hukopa Mifupa Yake Kutengeneza Ganda la Yai

Saa nane za usiku nyumba nzima imelala. Uani, juu ya kichanja, mtetea naye amefumba macho, lakini mwilini mwake kazi haijasimama. Yai limeshafika kwenye mfuko wa ganda na linapakwa chokaa, tabaka juu ya tabaka. Hatua hiyo peke yake huchukua saa 20 hivi na hudai gramu 2 za kalsiamu. Kalsiamu aliyokula mchana imekwisha tumboni, na dukani hakuna wa kumtuma saa hizo. Basi mwili unaifuata mahali ilipo, yaani kwenye mifupa yake mwenyewe.

Kuku anayetaga ana aina ya mfupa ambayo jogoo hana. Hujijenga ndani ya mifupa yake, hasa ya miguu, siku chache kabla ya yai la kwanza, na kazi yake ni kuwa ghala. Usiku kalsiamu hutolewa humo, mchana hurudishwa, ikiwa chakula kina cha kurudisha. Kama hakina, deni hulimbikizana. Kwanza utaona ganda jembamba linalopasuka ukilishika, kisha yai tepetepe lisilo na ganda kabisa, na mwisho kuku asiyeweza kusimama. Wengi wakifika hapo husema kuku amezeeka. Pengine hana umri wowote, amemaliza ghala.

Ninaanza na hili kwa sababu wengi wetu tunaofuga kuku watano au sita nyuma ya nyumba, kando ya matuta ya mboga, tunamchukulia kuku kuwa kiumbe anayejitafutia. Mtupie makombo asubuhi, jioni okota yai. Ukweli ni kwamba hakuna kinachotoka kwa kuku ambacho hakikuingia, na ukishalijua hilo utaiona bustani yako kwa jicho jingine.

Yai lenyewe lina saa yake. Tangu kiini kinapochomoka kwenye ovari mpaka yai linapodondoka kiotani hupita saa 25 hadi 26. Ovari inayofanya kazi ni moja tu, ya kushoto. Kiini hukutana na mbegu ya jogoo mwanzoni kabisa mwa safari, kisha hukaa saa tatu hivi kikivikwa ute, halafu zaidi kidogo ya saa moja kikifungwa katika ngozi mbili nyembamba, zile unazozibandua ukimenya yai la kuchemsha. Ndipo linakuja ganda. Kwa kuwa siku ina saa 24 tu, kuku aliyetaga leo saa mbili asubuhi kesho atataga saa tatu au nne, keshokutwa atasogea tena, mpaka afike alasiri. Hapo huruka siku nzima na kuanza upya asubuhi. Ukikuta kiota kitupu siku moja katikati ya wiki, usimtilie shaka mtoto wala nyoka.

Kuku wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15, kisha huacha na kuatamia. Kwa mwaka unaweza kupata mayai 40 hadi 60, wakati kuku wa mayai wa kisasa hufika 300. Kwa hesabu hiyo wapo wanaomdharau wa kienyeji. Mimi sikubaliani nao. Kuku wa kisasa ameondolewa hamu ya kuatamia kwa kuchaguliwa kizazi baada ya kizazi. Akifa, unarudi dukani kununua kifaranga. Wa kienyeji hukaa siku 21 juu ya mayai, huyageuza mwenyewe kwa mdomo, huinuka kwa muda mfupi tu kula na kunywa. Siku za mwisho vifaranga huanza kulia wakiwa bado ndani ya ganda, na mama huwajibu. Wakitoka, wamebeba tumboni masalia ya kiini yanayotosha kuwalisha siku mbili za mwanzo. Ndiyo maana mama hana haraka ya kuondoka kiotani: anawasubiri wa mwisho.

Sasa tuje kwenye chakula. Kuku hana meno. Anachokiokota hushuka kwenye gole na kulowana, kisha huingia kwenye firigisi, ambayo ni msuli wenye nguvu kuliko misuli mingine ya tumboni. Humo hukutana na changarawe alizozimeza kwa makusudi, nazo ndizo zinazosaga. Kuku anayezurura hujiokotea changarawe. Uliyemfungia kwenye banda la sakafu ya saruji hana pa kuzipata, na kama unampa mahindi makavu bila changarawe, sehemu ya mahindi hayo unaitupa. Mpe changarawe kwenye kopo lake. Kopo jingine lijaze maganda ya konokono au ya chaza yaliyopondwa, au maganda ya mayai ya jikoni kwako, ila hayo yakaushe kwanza kwenye moto na uyaponde mpaka yasifanane na yai, asije akajifunza kula anachotaga. Atakula kadiri anavyohitaji.

Makombo nayo yana mipaka. Mahindi yenye ukungu usimpe, hata kama yanaonekana ni ya kutupa. Mwaka 1960 nchini Uingereza zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa kwa ugonjwa ambao haukujulikana, na uchunguzi wa vifo hivyo ndio ulioifichua sumukuvu ya aflatoksini iliyokuwa kwenye mashudu ya karanga waliyolishwa. Ganda na kokwa la parachichi, maharage mabichi na maganda ya viazi yaliyogeuka kijani pia yaende kwenye shimo la mboji, yasiende bandani.

Na kinachotoka upande wa pili? Hapo ndipo bustani inapoingia. Kuku hakojoi kama mbuzi. Takataka ya damu yake hutoka pamoja na kinyesi ikiwa unga mweupe, ule unaouona juu ya kila tone. Unga huo ni asidi ya uriki, nao umejaa nitrojeni, kirutubisho kinachofanya jani liwe jani. Hii ndiyo sababu kinyesi cha kuku kina nguvu kuliko samadi ya ng'ombe, na ndiyo sababu pia kinaua.

Mwaka wa kwanza nilipolima nyuma ya nyumba tuliyokuwa tumepanga, nilikwangua banda na kumwaga kinyesi kibichi moja kwa moja kwenye tuta la mchicha. Nilimwagilia, nikalala nikiwa na furaha. Siku ya nne kingo za majani zilikuwa za kahawia kana kwamba moto umepita, na siku ya nane tuta lilikuwa tupu. Asidi ya uriki inapooza hugeuka amonia, ile harufu inayokuchoma puani ukifungua banda lisilosafishwa, nayo huunguza mizizi. Ningekuwa nimepanda nyanya na zikanusurika, ningepata majani mazito ya kijani na matunda ya kuhesabu.

Dawa ni kukiivisha kinyesi. Tandika maranda, pumba za mpunga au majani makavu kwenye sakafu ya banda, kuku wayachakure na kuyachanganya na kinyesi. Yakilowa na kunuka, yaondoe na uyarundike kivulini pamoja na majani makavu zaidi na mabaki ya jikoni. Lundo liwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, liwe na urefu na upana wa mita moja hivi ili litunze joto. Bakteria wakianza kazi, katikati huweza kuvuka nyuzi 55, joto la kuua vijidudu vingi na mbegu za magugu. Chomeka kipande cha chuma, ukichomoe baada ya dakika chache. Kama mkono hauvumilii kukishika, lundo linapika. Lipindue kila wiki. Likishapoa lenyewe, likawa jeusi na kunuka kama udongo baada ya mvua, limeiva.

Suala hapa si mizizi pekee. Kinyesi kibichi hubeba salmonela. Kanuni za kilimo hai za Marekani hutaka zipite angalau siku 120 kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna zao ambalo sehemu yake inayoliwa hugusa udongo. Mchicha unavunwa ndani ya wiki nne. Piga hesabu mwenyewe: hakuna namna ya kutumia kinyesi kibichi kwenye mchicha na ukawa salama. Mboji iliyoiva, maji safi ya kuoshea mboga na sabuni ya mikono baada ya kutoka bandani ni vya lazima, hasa kama kuna mtoto mdogo nyumbani.

Mchicha nao una maajabu yake. Mbegu ni ndogo mno, gramu moja ina zaidi ya 1,000, ndiyo maana tunazichanganya na mchanga kabla ya kusia. Ni miongoni mwa mimea michache ya mboga inayotumia njia ya usanisinuru inayofanana na ya mahindi na muwa, njia inayofaidi jua kali badala ya kulikimbia. Kwa hiyo unasimama imara saa ambazo mboga nyingine zimenyong'onyea. Unapouchambua, mashina magumu na majani yaliyotobolewa na wadudu mpelekee mtetea. Rangi ya kiini cha yai haitengenezwi na kuku, hawezi. Huitoa kwenye majani na mahindi ya njano. Kiini cha kuku anayekula majani kila siku na cha anayekula pumba tupu, viweke kwenye sahani moja utaona.

Hata hivyo kuku na miche havikai pamoja. Kuku ameumbwa kuchakura: kizazi chake cha mwituni bado kinaishi Asia ya Kusini-Mashariki kikipekua majani yaliyooza msituni, na katika milenia ya kwanza baada ya Kristo kuku walikuwa wameshafika pwani yetu, mifupa yao imefukuliwa Unguja Ukuu, Zanzibar. Hatabadilika kwa sababu umepanda figiri. Jicho lake lina aina nne za chembe za kutambua rangi, letu lina tatu, na mbegu uliyoifukia juujuu anaiona. Zungushia bustani wavu, matete au mabua, kimo cha kifua. Ukishavuna tuta lote, fungua, waingie kwa wiki moja. Watakula funza, mbegu za magugu na mayai ya konokono, na watakulimia. Kisha funga, uliache tuta lipumzike, uanze na maboga au bamia, zinazochelewa kuvunwa na zinazopikwa.

Utakapoongeza kuku mwingine utashuhudia jambo jingine. Mwaka 1922 Thorleif Schjelderup-Ebbe wa Norway, aliyekuwa akiwatazama kuku tangu utotoni, alichapisha maelezo ya jinsi kila kundi linavyojua nani anamdonoa nani, kuanzia wa juu mpaka wa chini. Bibi yangu hakuwahi kumsikia mtu huyo. Siku moja nilimwuliza kwa nini alimfunga kuku aliyeletwa na wageni.

"Mjukuu wangu," alisema, "simfungi kwa kuogopa atakimbia tu. Namfunga wenyeji wamzoee, naye ajue wapi pa kukaa."

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, tunasema, na mara nyingi tunasema hivyo tukiwalenga watu. Lakini ushauri wa kifugaji uliomo katika methali hiyo ni sahihi: mtenge mgeni mahali anapoonekana bila kufikiwa. Wiki mbili zinatosha kwa kuzoeana bandani, na zinatosha pia kukuonyesha kama amekuja na ugonjwa.

Ugonjwa huo, mara nyingi, ni kideri, ambao wengine huuita mdondo. Ulielezwa mwaka 1926, na jina lake la kimataifa limetokana na mji wa Newcastle, Uingereza. Hauna tiba. Unaweza kuingia Jumatatu na kufika Jumapili banda limebaki na jogoo mmoja. Kwa miaka mingi chanjo zilikuwapo lakini zilihitaji ubaridi usiokatika, kitu kigumu kijijini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, ndio waliotengeneza chanjo ya I-2 inayohimili joto, na leo Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania huizalisha hapa nchini. Ni tone moja kwenye jicho, kwa kuku na kifaranga sawasawa, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Chanjeni siku moja na majirani, maana kuku wenu wanakutana njiani. Na kama banda lako bado halina kuku hata mmoja, mtafute mtaalamu wa mifugo wa kata yako kabla hujaenda gulioni.