MIRIJA YA KABONI NA MBEGU

Makaa ya jikoni sehemu kubwa ni kaboni. Wataalamu huweza kuitengeneza kaboni iwe mirija midogo mno. Unywele mmoja ni mnene kuliko mrija huo mara elfu na zaidi.

Mwaka 2009, huko Arkansas, Marekani, mirija hiyo ilijaribiwa kwenye mbegu za nyanya. Ikapenya ganda, maji yakaingia kwa wingi, mbegu zikaota upesi.

Je, ni mbolea hiyo? Polepole! Mwaka huo huo, huko huko Marekani, mpunga uliopewa mirija ya kaboni ulichelewa kuchanua mwezi mzima au zaidi. Anayelima kwa mvua anaijua hasara ya mwezi mmoja.

Na masizi ya sufuria siyo mirija hiyo. Ukiyapaka kwenye majani yanazuia jua tu, na jani lisilopata jua halitengenezi chakula cha mmea.