Tarakimu Juu ya Jiwe: Kumbukumbu za Waliouawa Kaskazini Mashariki

Katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, ambazo kabla ya 2013 zilikuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki wa Kenya, kumbukumbu za umma zimechelewa sana kuyafuata matukio yenyewe, na sababu kubwa si uhaba wa mawe wala mafundi, bali ni kwamba bamba la kumbukumbu hudai majibu ya maswali mawili yaliyobishaniwa huko kwa miaka mingi: ni nani waliouawa, na walikuwa wangapi.

Pale ambapo hapakuwa na ubishi, jina lilipata mahali pake. Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliuawa Juni 1963 huko Modogashe pamoja na chifu Haji Galma Dido, walipokuwa wakiwashawishi wananchi wasiunge mkono kujitenga na kujiunga na Somalia. Mauaji hayo yalitangulia vita vya Shifta, yaani mapigano kati ya majeshi ya serikali na wapiganaji waliotaka kujitenga, yaliyofikia tamati kwa mapatano ya Arusha ya 1967. Wabera alikuwa mtumishi wa serikali, na leo barabara moja ya katikati ya Nairobi inaitwa kwa jina lake. Raia waliokufa katika operesheni za miaka iliyofuata hawakuwa na bahati hiyo.

Mfano mkubwa ni Wagalla. Kuanzia tarehe 10 Februari 1984, wanajeshi waliotumwa kuwanyang'anya silaha watu wa ukoo wa Degodia waliwakusanya wanaume katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, kilomita 15 hivi kutoka mji wa Wajir, wakawavua nguo na kuwaweka juani kwa siku kadhaa bila chakula wala maji, na wengi wakapigwa risasi. Serikali ilitangaza vifo 57. Ahmed Khalif, mbunge wa Wajir Magharibi, alilipeleka suala hilo bungeni, naye Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyekuwa akiwahudumia wagonjwa wa kifua kikuu Wajir, alisaidia kuokota maiti na kuujulisha ulimwengu. Mwaka 2000 serikali ilikubali vifo 380; Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, ilikadiria karibu 1,000; manusura hutaja hadi 5,000. Mnara wa kumbukumbu ulizinduliwa mjini Wajir Februari 2014, miaka 30 baada ya tukio, na hapana shaka kwamba ripoti ya tume, pamoja na udhaifu wake wote, ndiyo iliyoufanya uwezekane, maana ni vigumu kuchonga jiwe juu ya jambo ambalo dola inalikana.

Tume hiyohiyo ilichunguza pia mkasa wa Bulla Karatasi mjini Garissa. Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa, askari waliuchoma mtaa huo na kuwazuilia wakazi katika uwanja wa Shule ya Msingi ya Garissa.

Tarehe 26 Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi bungeni kwa dhuluma zilizopita. Wiki moja baadaye, tarehe 2 Aprili, magaidi wa Al-Shabaab walivamia Chuo Kikuu cha Garissa. Idadi ya kwanza ya waliouawa, 147, ilienea duniani ikisindikizwa na kauli kwamba hao si tarakimu tu, kisha ikarekebishwa kuwa 148, wengi wao wanafunzi. Hapa hesabu ilitofautiana kwa mtu mmoja, na majina yalijulikana mapema. Lakini waliouawa walitoka pembe nyingi za nchi, hivyo makaburi yao yametawanyika mbali na Garissa.

Kumbukumbu, hata hivyo, si lazima iwe mnara: Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inamruhusu waziri kutangaza mahali kuwa urithi unaolindwa kwa tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali, hata kama hapajajengwa kitu. Kwa jamii ya Waislamu, ambayo huwakumbuka wafu wake kwa dua na kisomo na mara nyingi huacha kaburi bila pambo, kukilinda kiwanja cha Wagalla kilivyo pengine kungefaa kuliko mnara mrefu, ingawa tangazo hilo nalo lingehitaji kwanza afisa aandike waziwazi kilichotendeka hapo na waliokitenda.