Mbegu ya Kinoa na Vidonge Vyake: Chakula Kisichukue Nafasi ya Dawa

Vidonge na unga wa virutubisho huuzwa siku hizi sokoni, vituoni na kwa njia ya simu, vikisifiwa kuwa hujenga mwili na kuponya maradhi mengi. Miongoni mwake vimo vilivyotengenezwa kwa kiini cha mbegu ya kinoa. Yafaa tujue ukweli wake kabla ya kufungua mkoba.

Kinoa ni zao la milima ya Andes, hasa Peru na Bolivia, na Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2013 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Kinoa. Sifa zake kama chakula ni za haki. Gramu 100 za mbegu kavu zina takribani gramu 14 za protini, pamoja na nyuzinyuzi na madini ya chuma. Protini hiyo ina laisini ya kutosha, kijenzi cha mwili ambacho mahindi yetu yana upungufu nacho.

Lakini mbegu si sawa na kidonge. Katika utafiti mmoja mdogo, watu wenye uzito uliozidi walikula gramu 50 za kinoa kila siku kwa wiki 12, na aina moja ya mafuta katika damu yao ikapungua. Hao walikula chakula chenyewe. Kidonge chenye miligramu 500, hata kingekuwa protini tupu, kingetoa nusu gramu tu. Ingehitajika kumeza vidonge 12 ili kufikia protini ya yai moja la kuku.

Wala haijathibitishwa kwamba kiini cha kinoa huponya kisukari, shinikizo la damu au maambukizi ya VVU. Hapa ndipo ilipo hatari. Anayeacha dawa za hospitali kwa kutumaini kopo la vidonge huhatarisha uhai wake. Katekisimu, katika namba 2288, yatufundisha kwamba uhai na afya ni zawadi za thamani tulizokabidhiwa na Mungu, nasi twapaswa kuzitunza kwa busara. Basi anayetumia kirutubisho chochote amweleze mganga wake, wala asiache dawa bila ushauri wake.

Tena, tunachokitafuta mbali kipo karibu. Mchicha nafaka ni wa ukoo mmoja na kinoa, na mbegu zake zina protini inayokaribiana nayo. Zikipepetwa, zikaoshwa, zikaanikwa, zikakaangwa kidogo na kusagwa, huchanganywa na unga wa uji wa mtoto. Tunao pia dagaa wa Ziwa Tanganyika, maharage na karanga.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionesha kuwa watoto 3 kati ya 10 wenye umri chini ya miaka 5 nchini wamedumaa. Katika Mkoa jirani wa Rukwa, ambao Katavi ilikuwa sehemu yake hadi mwaka 2012, walikuwa karibu nusu, ingawa huko mahindi huvunwa kwa wingi. Ghala lililojaa nafaka ya aina moja halitoshi kumlisha mtoto vema. Fedha ya kopo moja la vidonge, ikinunua dagaa na maharage, italisha nyumba nzima.