Tusiharakishe kuuza redio ya zamani

Mwenzetu mmoja mjane aliachiwa redio ya zamani, ile yenye taa za kioo ndani. Ilikuwa inavuma tu, haishiki kituo. Mnunuzi alitaka kumpa bei ya chuma. Tulikataa, tukaipeleka kwa fundi, tukakaa kuangalia.

Kwanza alichomoa prizi, akaondoa umeme uliobaki ndani ya kondensateri. Umeme huo unaweza kupita volti 200, na unaweza kuua hata redio ikiwa imezimwa. Watoto wasiifungue!

Mita ilionyesha kwamba waya wa bobini ya anteni umekatika. Radi ikipiga karibu, inaweza kuuunguza. Fundi aliufungua polepole akihesabu kila mzunguko, nasi tukaandika. Kisha akazungusha waya mpya wa shaba wenye vanishi: unene uleule, upande uleule, hesabu ileile. Akakwangua vanishi kwenye ncha ndipo akaziunganisha kwa risasi, akafunika bobini kwa nta isiingie unyevu.

Jioni redio ilisema, na mama yule akalia. Kabla ya kuuza kitu cha nyumbani, tuulize kwanza: ni nini hasa kilichoharibika?