Gramu 60 za ozoni
Tuchukue hospitali ya vitanda 100 mjini Bunia, mashariki mwa Kongo, tukadirie lita 200 za maji taka kwa kitanda kwa siku. Hizo ni mita za ujazo 20. Humo mna mkojo wa wagonjwa, na mkojo una dawa, kwa kuwa sehemu ya antibiotiki inayomezwa hutoka mwilini ilivyoingia.

Gesi ya ozoni ikitiwa majini huvunja nyingi kati ya dawa hizo, ingawa metformini ya wenye kisukari huisumbua. Kipimo cha ozoni ni karibu gramu 0.6 kwa kila gramu ya kaboni iliyoyeyuka. Maji yaliyokwisha kusafishwa vizuri yana gramu 5 hivi za kaboni kwa mita ya ujazo, basi hospitali yetu inahitaji gramu 60 kwa siku. Kilo moja ya ozoni, pamoja na oksijeni yake, hula takriban kilowati-saa 15. Piga hesabu: 0.9. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima inakula zaidi.

Mtego uko kwenye "yaliyokwisha kusafishwa". Ozoni haichagui: sabuni, kinyesi na mafuta ya jikoni huimaliza kabla haijaifikia dawa. Maji mabichi yakiwa na gramu 100 za kaboni, kipimo hupanda mara 20: kilo 1.2, kilowati-saa 18 kila siku, na matope yanayoelea bado hatujayahesabu. Uchafu wa choo cha shimo ni mzito kupita hapo, na Bunia ni mji wa vyoo vya shimo. Mvua ikipiga, vinavyofurika huteremkia mto Nyamukau.

Tena ozoni haiwekwi akiba. Majini hupungua nusu kwa dakika chache, kwa hiyo umeme ukikatika, kazi imesimama. Si kama klorini ya wakati wa Ebola, 2018 hadi 2020, iliyokaa kwenye ndoo mlangoni ikimngoja mtu anawe.

Uswisi ilianza kusafisha maji taka kwa ozoni na mtambo wa Neugut, Dübendorf, mwaka 2014. Tangu 2016, kwa kazi hiyo, hutozwa hadi faranga 9 za huko kwa mwaka kwa kila mtu aliyeunganishwa. Bei nafuu, lakini ni ya ngazi ya mwisho tu. Mabomba na mabwawa ya bakteria yalikwisha kulipiwa zamani.

Mimi fedha ya kwanza ningeitia kwenye tangi la saruji lenye vyumba. Maji yakae siku mbili: mita za ujazo 40, ongeza nafasi ya matope, na mshahara wa mtu wa kuyazoa.