Pete Ndogo ya Kukamata Floraidi

Katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa, yakiwemo maeneo ya mikoa ya Arusha na Kilimanjaro, maji hutoka ardhini yakiwa maangavu, kumbe yamebeba floraidi kupita kiasi. Floraidi kidogo huimarisha meno. Ikizidi, meno ya mtoto anayekua huingia madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki, na baada ya miaka mingi mifupa huweza kupinda na viungo kukakamaa. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba lita moja ya maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 za floraidi.

Kuchemsha maji hakusaidii, kwa kuwa floraidi si kijidudu. Ni anioni, yaani atomi iliyojipatia elektroni moja ya ziada na kuwa na chaji hasi. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi huzidi kukolea. Je, yaweza kukamatwa?

Wanakemia wanayo molekuli yenye umbo la pete. Mwaka 1886 Mjerumani Adolf von Baeyer alichanganya piroli na asetoni pamoja na asidi, akaipata. Ilipita miaka 110 kabla ya uwezo wake kutambuliwa: mwaka 1996 Jonathan Sessler na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas, mjini Austin, walionyesha kwamba pete hiyo hushika anioni.

Pete hiyo ina vipande vinne vya piroli, na kila kipande kina naitrojeni iliyounganika na haidrojeni yenye chaji chanya kidogo. Ikiwa tupu, vipande hupishana, kimoja juu, kimoja chini. Anioni ikisogea, vyote hugeukia upande mmoja, na haidrojeni zote nne huielekea na kuishika. Anioni haizami katika tundu. Hukaa juu yake, kama mtungi unavyokalia ngata kichwani. Floraidi, iliyo ndogo, hushikwa kwa nguvu kuliko kloraidi.

Hata hivyo, majaribio hayo ya mwanzo yalifanywa katika kimiminiko kisicho maji. Ndani ya maji, molekuli za maji huizunguka floraidi na kuing'ang'ania, mithili ya mikono mingi isiyokubali kuuachia mtungi utuliwe juu ya ngata. Hapo ndipo penye ugumu wa kazi hii. Mwaka 2008 kundi la Sessler lilifungamanisha pete za namna hii, pamoja na pete nyingine zinazoshika potasiamu, katika plastiki, na plastiki hiyo ikaweza kuvuta floraidi ya potasiamu kutoka majini. Lakini toka maabara hadi kisimani safari ni ndefu. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimetegemea makaa ya mifupa ya ng'ombe, ambayo floraidi hunata juu yake.

Mwalimu aweza kulieleza jambo hili bila maabara. Wanafunzi wasokote ngata za ukubwa mbalimbali kwa majani ya mgomba, kisha wajaribu ni ipi ituayo limau, chungwa au nazi bila kuyumba. Halafu wenzao walishike tunda hilo kwa nguvu, na anayetaka kulitua ashindane nao. Watakuwa wamekwisha kuonja swali ambalo wanakemia bado wanalishughulikia, na ambalo jibu lake lingewafaa watoto wa Bonde la Ufa.